Kijiti Kinachojua Kuziba Sikio



Naanza na kitu ulichokiona nyumbani utotoni. Babu anasikiliza taarifa ya habari. Sauti inafifia, inakwaruza, inazama. Babu anavuta eriali mpaka mwisho wake, wapi. Anaikunja. Kisha anaishika redio nzima kwa mikono miwili, anaizungusha polepole juu ya kigoda kama mtu anayetafuta kibla, na mara sauti ya mtangazaji inarudi, safi, kana kwamba ameingia chumbani na kuketi. "Asiiguse mtu," anasema. Na haiguswi mpaka kesho.

Kwa nini kuizungusha kulisaidia na kuvuta eriali hakukusaidia? Kwa sababu eriali ile ya kung'aa kazi yake ilikuwa masafa mafupi. Masafa ya kati, yaliyoileta Radio Tanzania nyumba kwa nyumba hapa Dar es Salaam, yalikuwa na mlango wao mwingine. Yaliingilia kwenye kijiti cheusi kilicholala ndani ya redio, urefu wa kalamu au zaidi kidogo, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Babu alipoizungusha redio alikuwa akikizungusha kijiti, ingawa pengine hakuwahi kukiona maisha yake yote.

Mimi nimekutana nacho tena mwaka huu, Buguruni, si mbali na Malapa, kwenye kibanda cha fundi redio ambaye umri wake sasa unatosha kuitwa babu. Nilimpelekea redio ya National iliyokuwa ya marehemu mjomba wangu. Vijana wanaonisikiliza huenda hawajui: Matsushita wa Japani walikuwa na kiwanda hapa hapa Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na betri na redio za National zikaenda mpaka vijiji ambavyo barabara ilikuwa haijafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea kazi au umeleta maneno?"

Nilikuwa nimeleta vyote viwili. Alipokuwa akifungua skrubu nikaona chini ya meza yake ndoo ya plastiki imejaa vijiti vyeusi, vingine vizima, vingine vimekatika. Nikamuuliza anavifanyia nini. Akasema hakuna. Redio zikifa, plastiki ina mnunuzi wake, shaba ina mnunuzi wake, spika anazitumia tena. Vijiti havina mtu. Amewahi kuvipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Sumaku ilivishika, lakini mwenye mizani akakataa, akasema hiki si chuma, hiki ni kigae.

Na mwenye mizani alikuwa sahihi kwa nusu. Kitu hicho huitwa feraiti. Ni kutu ya chuma iliyochanganywa na manganizi na zinki, au nikeli na zinki, ikasagwa unga, ikashindiliwa, ikachomwa tanuruni kama mfinyanzi anavyochoma chungu. Ndiyo maana ukikiangusha sakafuni kinakatika kama chungu. Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, waliigundua Tokyo mwaka 1930, na mwaka 1935 ikaanzishwa kampuni ya kuitengeneza. Jina la kampuni hiyo unalijua vizuri kuliko unavyodhani: TDK. Ndiyo, TDK ile ile ya kanda zetu, za taarabu na za dansi, zilizokaa kwenye makabati ya vioo. Kabla ya kanda kulikuwa na feraiti.

Sasa kijiti kinafanyaje kazi? Wimbi la redio lina sehemu mbili zinazosafiri pamoja, ya umeme na ya sumaku. Waya mrefu uliotundikwa juu hukamata sehemu ya umeme. Kijiti hukamata ya sumaku. Nguvu ya sumaku hupenda kupita ndani ya feraiti kuliko kupita hewani, kama maji ya mvua Buguruni yanavyouacha uwanja mzima na kukimbilia mtaroni. Kijiti ni mtaro. Nguvu iliyotawanyika pembeni yake inajikusanya, inapita katikati ya koili ya shaba, na koili inaigeuza kuwa umeme kidogo sana ambao redio inaukuza.

Umeme huo ni kidogo kiasi gani? Nimepiga hesabu kwa kijiti cha sentimita 20, unene wa milimita 10, chenye mizunguko 60, kikipokea wimbi la kilohezi 475. Kinapokea sawa na kipande cha waya cha milimita tatu hivi. Milimita tatu, msikilizaji! Ukikipatanisha na kondensa, koili nzuri itaikuza ishara hiyo mara mia moja hivi, na bado utakuwa hujapita urefu wa rula ya shuleni.

Kwa nini basi mtu ahangaike nacho? Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kuna watu duniani wanaofanya redio ya ridhaa, yaani wanazungumza hewani kwa kupenda ujuzi wenyewe, bila malipo na bila kutangaza biashara. Tanzania nasi tunao. Alama zao za wito huanza na 5H, na leseni hutoka kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wengi wao hutumia masafa mafupi. Lakini mwaka 2007, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliwapa watu wa ridhaa kipande chembamba chini kabisa, kilohezi 135.7 hadi 137.8. Mwaka 2012 mkutano kama huo ukaongeza 472 hadi 479. Huko chini mawimbi ni marefu mno. Wimbi moja la kilohezi 136 lina urefu wa mita 2,200. Eriali ya kawaida ya robo wimbi ingehitaji mita 550, viwanja vitano vya mpira vikipangwa kwa urefu na bado ukabaki ukidai.

Mji huu unayakumbuka mawimbi marefu. Wajerumani walikuwa na mnara wao wa simu ya upepo hapa Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu, manowari ya Waingereza HMS Astraea ilikuja kuupiga mizinga, kwa sababu kwa mnara ule meli za Wajerumani baharini zingeweza kuelekezwa. Wajerumani wakauangusha kwa mikono yao wenyewe. Enzi hizo, kusikia mawimbi marefu kulidai mnara mrefu, ardhi pana, na serikali nyuma yako.

Buguruni nani ana ardhi pana? Nyumba zetu zimegusana mabati kwa mabati. Nyaya za umeme zinapita usawa wa dirisha. Ukitundika waya wa mita hamsini utavuka paa za watu sita, na wa saba atakuuliza kama umejiunganishia umeme wa wizi. Kijana wa hapa akisoma habari za masafa ya chini anafunga kitabu, anaona hayo ni ya watu wenye mashamba. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti jioni hii, kwa sababu si kweli.

Ukitaka kurusha mawimbi, ni kweli, huponyoki. Unahitaji waya mrefu na mrefu tena. Kijiti hakirushi. Ukikilazimisha, nguvu yako karibu yote itaishia kwenye joto, na feraiti ikishiba sumaku haipokei zaidi. Hata leseni haitakusaidia hapo. Lakini kusikia ni jambo lingine kabisa.

Sikiliza kwa makini hapa. Huko chini, adui wa msikilizaji si udhaifu wa ishara. Adui ni kelele. Kila radi inayopiga inarusha mawimbi ya masafa ya chini, na mawimbi hayo yanasafiri maelfu ya kilomita. Na sisi Afrika Mashariki tumekaa jirani na radi nyingi kuliko karibu watu wote duniani. Ziwa Victoria na milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi. Kwa hiyo hewa imejaa mkwaruzo tayari. Ukiweka eriali kubwa, ishara inakua, na mkwaruzo unakua nayo vile vile. Hujapata kitu. Eriali ndogo inayoweza kuusikia mkwaruzo wa hewani kuliko kelele ya vifaa vyake yenyewe inakuwa imefika mwisho wa safari, hata ukiirefusha namna gani. Kwa hiyo milimita zetu tatu, zikikuzwa kwa kifaa safi kisicho na kelele nyingi ya ndani, zinaweza kukaa meza moja na waya mrefu wa tajiri.

Na kijiti kina jambo moja ambalo waya ule hauna. Kinajua kuziba sikio.

Kijiti kinasikia vizuri kutoka ubavuni. Kutoka kwenye ncha zake, hakisikii karibu chochote. Ukikielekeza ncha kwenye chanzo cha sauti, sauti inazama ghafla, na pembe ya kuzama ni nyembamba sana. Digrii chache tu ukipita, inarudi. Upande wa kusikia vizuri ni mpana, hata ukikosea kidogo hutajua. Lakini ile pembe ya ukimya ni kali kama kisu. Babu alikuwa akitafuta ubavu. Mimi nimejifunza kutafuta ncha.

Nitakueleza nilivyojifunza. Niliondoka kibandani na vijiti vitano nilivyopewa bure. Kimoja nikakisafisha, nikakizungushia waya, nikakiunganisha na kipokezi changu, nikakaa chumbani saa tatu usiku kusikiliza kilohezi 475. Nikapata mvumo mmoja mzito, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Usiku wa pili vile vile. Nikaanza kukigeuza kijiti. Mvumo ukazama kikielekea ukuta wa upande wa choo. Nikachora mstari kwenye karatasi ya ramani ya uwanja wetu. Nikatoka nje na kipokezi cha betri, nikasimama karibu na bomba la maji, nikageuza tena, nikachora mstari wa pili. Mistari ikakutana kwenye chumba cha mama mmoja mpangaji mwenzangu.

Nikapiga hodi. "Karibu baba, kuna nini na waya hizo usiku huu?" Nikamweleza kwamba natafuta kelele. Akacheka, akaniruhusu. Ilikuwa chaja ya taa yake, ndogo, iliyochomekwa nyuma ya kabati. Tulipoichomoa, mvumo ukakatika kama mtu aliyefungwa mdomo. Na nyuma yake, msikilizaji, nyuma ya mvumo ule, hewa ilikuwa hai: mkwaruzo wa radi za mbali, na nilipopanda kidogo mpaka 518, mlio wa haraka haraka wa taarifa za mabaharia, maana masafa hayo dunia nzima hutumika kuzipelekea meli habari za hali ya hewa kwa maandishi.

Sikumwambia aitupe chaja. Taa anaihitaji kuliko mimi ninavyohitaji 475. Kesho yake nilikwenda Kariakoo nikanunua lile bonge jeusi la kubana kwenye waya, kama lile unaloliona kwenye waya wa chaja ya kompyuta. Tukaupitisha waya wake ndani ya bonge mara kadhaa. Mvumo ukapungua sana. Na bonge hilo ni nini? Ni feraiti ile ile. Huku inakusanya wimbi, kule inalizuia. Tangu siku hiyo yule mama ananiita fundi, jina ambalo sijalistahili bado, ila nalipenda.

Sasa kwa anayetaka kujaribu, tuingie kazini kidogo, chukua kalamu.

Redio nyingi mpya zinazojazwa pale Kariakoo, zile za kadi ya memori na FM tu, hazina kijiti ndani. Tafuta ya zamani yenye masafa ya kati. Kitoe taratibu, maana kinakatika. Kikikatika, gundi kali itakiunganisha, ila hakikisha vipande vinagusana kabisa; pengo dogo tu linapunguza nguvu yake. Kikiwa kirefu na chembamba ni bora kuliko kikiwa kifupi na kinene. Unaweza kuunganisha viwili ncha kwa ncha.

Waya ulioko juu yake usiutupe. Uangalie kwa makini: si uzi mmoja, ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa, kila moja na vanishi yake. Umeme wa masafa haya hupenda kutembea juu ya ngozi ya shaba, hivyo nyuzi nyingi zina ngozi nyingi na upotevu unakuwa mdogo. Ukitaka kupiga solda, ondoa vanishi ya kila uzi. Ukiacha hata nyuzi chache, koili inapoteza ukali wake na hutajua kwa nini. Mimi nilipoteza wiki mbili hapo.

Koili ya masafa ya kati huwa na mikrohenri 250 hivi. Kuishusha hadi 475 huhitaji kuigusa. Iongezee kondensa tu, jumla ifike kama pikofaradi 450. Ndiyo sababu nawashauri vijana waanzie hapo, na 136 waiache mpaka mkono uzoee. Kule chini utahitaji kama mikrohenri 1,350 kwa pikofaradi 1,000, na kwa kuwa nguvu ya koili huongezeka kwa mraba wa mizunguko, koili yenye mizunguko 60 inayotoa mikrohenri 225 itabidi ifikishwe karibu 150. Ni kazi ya jioni moja na uvumilivu.

Utasikia nini? Nisikudanganye. Wa ridhaa huko chini ni wachache na nguvu zao ni ndogo. Mikutano ile iliwapa wati moja tu ya kung'ara hewani, na hadi wati tano kwa baadhi katika ile bendi ya 2012. Hawaongei kwa mdomo. Hutumia alama za Morse zilizovutwa polepole mno, nukta moja ikichukua sekunde kadhaa, au mfumo wa WSPR uliobuniwa mwaka 2008 na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani mwenye Tuzo ya Nobel ya 1993. Ujumbe mfupi kabisa unachukua karibu dakika mbili kupita, na kompyuta inauchomoa ndani ya mkwaruzo ambamo sikio lako halisikii kitu. Mimi mpaka leo, kutoka Buguruni, sijapata hata mmoja wa 136. Nimepata alama za Morse za minara ya kuongoza ndege, nimepata vituo vya mbali vya masafa ya kati usiku. Nangoja Juni. Masika yakishapita na radi zikatulia, nitakaa tena.

Mchana na usiku pia ni vitu viwili. Mchana wimbi linakuja likitambaa ardhini, na pembe ya ukimya inakuwa kali. Usiku sehemu ya wimbi inashuka kutoka angani, inakuja na pembe yake, na ukimya unachafuka, unatembea. Ukitaka kutafuta mwelekeo wa kituo, fanya kabla jua halijazama.

Ndoo ile ya fundi bado ipo. Nimemwomba asiimwage. Shule za sekondari za Ilala zina madarasa ya fizikia ambako sumaku inafundishwa kwa mchoro ubaoni, na hapa kuna ndoo nzima ya sumaku inayosikia. Naamini kabisa mwalimu mmoja, kijiti kimoja na redio moja mbovu vinatosha kwa kipindi ambacho mtoto hatakisahau. Mzee naye amekubali: mwalimu yeyote akija, atapewa.

Jumapili iliyopita nilikuwa uwanjani na kijana wa yule mama, ana miaka kumi na moja. Nimemfunga spika za masikioni, kijiti mkononi, anageuka taratibu akitafuta pale sauti inapozama. Ikapita ndege juu ya mabati yetu, ikishuka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, chini kiasi kwamba mabati yalitetema. Nikamgusa bega, nikamwambia: ndege nyingi zina kifaa cha kutafutia mnara wa masafa ya chini, na ndani ya eriali yake kuna feraiti kama hiyo, imewekwa msalaba, ikifanya hivyo hivyo unavyofanya.

Hakunisikia. Macho ameyafumba, amesimama, kijiti kimeelekea Vingunguti. Akakirudisha kidogo kushoto. Akakirudisha kulia. Kisha akanionyesha kwa kidole: kule.